Mazungumzo Baada ya Habari: Aliyeruhusiwa bila Jina la Ugonjwa



Askari akipigwa risasi, kila mtu ajua kilichompata. Akianguka mlimani akavunjika mguu, picha ya eksirei huonyesha mahali mfupa ulipokatika, mganga huufunga, na siku ya kuruhusiwa hakuna mwenye shaka. Lakini wapo wagonjwa wengine, nao ni wengi kuliko watu wanavyodhani, ambao hupelekwa hospitali usiku kwa haraka hali zao zikiwa mbaya, wakalazwa, wakatolewa damu, wakatundikiwa maji, wakapata nafuu, na baada ya siku tatu au nne wakaruhusiwa kurudi nyumbani bila ya mtu yeyote kuweza kuwaambia kwa hakika walikuwa wakiumwa nini. Mazungumzo ya leo yanawahusu hao. Yanawahusu pia wale wanaowapokea, yaani wenzao wa kambini, wakuu wa vikosi vyao, na jamaa zao nyumbani.

Jambo hili hutokea katika kila nchi, ila kwa askari aliyeko Rusizi lina uzito wa pekee. Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa katika mkoa wa Cyangugu, iko pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika mto Rusizi. Ng'ambo ya daraja ni mji wa Bukavu, katika Kongo. Kusini, ng'ambo ya mto Ruhwa, ni Burundi. Bondeni ni Bugarama, sehemu iliyo chini kuliko zote katika Rwanda, yenye joto, mashamba ya mpunga na mbu. Mashariki umesimama msitu wa Nyungwe, wenye baridi na mvua. Watu huvuka na mizigo yao, mifugo huhamishwa, samaki na nyama huuzwa huku na huko. Mahali kama hapo homa haina mzazi mmoja. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa homa ya matumbo, yaweza kuwa kichomi, yaweza kuwa ugonjwa wa ng'ombe au wa panya, na yaweza kuwa ugonjwa uliovuka daraja jana jioni.

Uchukuliwe mfano wa askari mmoja, mfano tu usiomhusu mtu maalumu. Koplo huyu alipewa likizo ya siku kumi, akaenda kwao Bugarama. Huko alimsaidia baba yake kumzalisha ng'ombe aliyekuwa akitupa mimba, akanywa maziwa mabichi kama alivyozoea tangu utoto, akashinda siku mbili katika upandaji wa mpunga, maji yakimfika magotini. Akarudi kazini Kamembe. Baada ya wiki mbili, akiwa lindoni usiku, alishikwa na baridi kali, kichwa kikamwuma, akaanguka. Wenzake wakamkimbiza hospitali. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa sukari na mkojo, hakikuonekana kitu. Akatundikiwa maji, akapewa dawa za kuua vijidudu, na siku ya nne homa ikashuka. Mganga akaandika katika cheti chake: homa, chanzo hakijajulikana. Akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Koplo akafika kambini. Wenzake wakamwuliza, "Walisema una nini?" Kujibu kwamba hawakujua kulimwia vigumu, maana aliona ni sawa na kusema kwamba hakuwa na kitu. Akajibu, "Malaria." Jibu hilo likamridhisha kila mtu. Sajini akaridhika, mkewe akaridhika katika simu, na yeye mwenyewe baada ya siku chache akaanza kuliamini. Siku ya kurudi hospitali ilipofika hakwenda, kwa kuwa malaria ilikuwa imekwisha pona. Mwezi wa pili homa ikarudi, safari hii pamoja na maumivu ya kiuno na jasho jingi la usiku. Akapelekwa kwa mganga mwingine. Akaulizwa aliwahi kuugua nini, akajibu, malaria. Na hapo mganga wa pili naye akaanza safari yake katika njia iliyokwisha potea.

Katika mfano huu hapana budi itazamwe kwa makini ni wapi kosa lilipofanyika. Mganga wa kwanza hakukosa. Alitibu hatari iliyokuwapo, akaandika ukweli, akatoa tarehe ya kurudi. Koplo kutoka hospitali bila jina la ugonjwa hakukuwa ndiko kulikomdhuru. Madhara yalianzia langoni mwa kambi, pale ukweli usiopendeza ulipobadilishwa kwa uongo uliowaridhisha wote.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini mganga aliyesoma miaka mingi ashindwe kutaja jina la ugonjwa? Sababu ziko tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba maradhi mengi huanza kwa namna moja. Homa, kichwa, viungo kuuma, kutapika na kuishiwa nguvu ni sare inayovaliwa na magonjwa mengi, na kwa sare peke yake adui hatambulikani.

Sababu ya pili ni wakati. Damu inayowekwa katika chupa ya maabara ili vijidudu viote huhitaji siku kadhaa, mara nyingi hadi tano, kabla ya kutoa jibu. Kifua kikuu kikioteshwa huweza kuchukua wiki sita au nane. Na yapo magonjwa ambayo hutambulikana kwa kuangalia kinga ambayo mwili umejitengenezea dhidi yake. Kinga hiyo haionekani siku ya kwanza. Hupanda baada ya wiki mbili, tatu, hata zaidi. Kwa hiyo damu ya siku ya kulazwa pekee mara nyingi haitoshi. Yahitajika damu ya pili, itolewe mgonjwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani, ili hizo mbili zilinganishwe.

Sababu ya tatu ni kwamba mara nyingine mwili wenyewe, au dawa iliyotolewa kwa tahadhari, huushinda ugonjwa kabla haujatambuliwa. Mwizi amefukuzwa, lakini sura yake haikuonekana. Jambo hilo ni heri, ila haliondoi haja ya kujua alipitia wapi.

Wala asidhani mtu kwamba udhaifu huu ni wa hospitali za wilaya peke yake. Kitabu cha kimataifa cha kuorodhesha magonjwa, kinachotolewa na Shirika la Afya Duniani, katika toleo lake la kumi lililopitishwa mwaka 1990, kimetenga sura nzima, sura ya 18, kwa ajili ya dalili na hali ambazo chanzo chake hakikuthibitishwa. Ndani yake imo homa isiyojulikana chanzo, yamo maumivu ya tumbo, imo hali ya kuzirai. Mabingwa wa dunia hawakuona aibu kuandika kwamba hawajui. Waliona kwamba kuandika hivyo ni salama kuliko kuandika jina la kubahatisha.

Ubaya wa jina la kubahatisha umekwisha kupimwa, na kupimwa huko kulifanyika jirani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, hospitali kumi za kaskazini-mashariki ya Tanzania zilichunguzwa. Wagonjwa 4,474 waliokuwa katika hali mbaya walilazwa na kutibiwa kuwa wana malaria. Damu zao zilipoangaliwa kwa darubini na wataalamu, 2,062 tu, yaani chini ya nusu, ndio waliokutwa na vijidudu vya malaria. Waliobaki walikuwa na kitu kingine. Na hapa ndipo palipo na somo: kati ya wale waliokuwa na malaria kweli, walikufa karibu 7 katika kila 100, kati ya wale waliopewa jina la malaria bila ya kuwa nayo, walikufa 12 katika kila 100. Wengi wa hawa wa pili hawakupewa dawa za kuua bakteria, maana ugonjwa wao ulikuwa umekwisha pewa jina, na aliyekwisha pata jina hatafuti tena.

Utafiti mwingine ulifanyika katika hospitali mbili za mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro, mwaka 2007 na 2008, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Walichunguzwa wagonjwa wa homa 870, watoto na watu wazima. Zaidi ya 60 katika kila 100 waliandikiwa malaria walipolazwa. Uchunguzi wa kina ulipokamilika, waliokuwa na homa iliyoletwa na malaria kwa hakika walikuwa 14 tu katika hao wote 870. Kati ya wale waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama na wadudu, mtu mmoja katika kila wanne alikutwa nayo: ugonjwa wa mkojo wa panya na mifugo, homa ya kupe, ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, na mengine ya jamii hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye ugonjwa wake wa kweli ulikuwa umetajwa miongoni mwa yale yaliyodhaniwa siku ya kulazwa.

Yafaa kuuliza majina hayo yalipatikanaje baadaye. Hayakupatikana kwa mashine peke yake. Wagonjwa waliokwisha ruhusiwa waliombwa warudi baada ya wiki nne hadi sita ili watolewe damu ya pili. Waliorudi ndio waliouwezesha ukweli kupatikana. Kwa maneno mengine, ugonjwa usio na jina hupewa jina na mgonjwa anayerudi. Asiyerudi huondoka na siri ya ugonjwa wake, na siri hiyo huwagharimu wengine.

Jinsi inavyowagharimu wengine huonekana katika yaliyotokea Burundi, mwendo mfupi kutoka Bugarama. Mwaka 1995, katika gereza la Ngozi, ulizuka ugonjwa wa homa kali na kichwa. Watu waliuita sutama. Hilo lilikuwa jina la mtaani. Kwa wataalamu ugonjwa huo haukuwa na jina bado. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, maelfu ya watu wamefukuzwa makwao na kusongamana katika makambi ya baridi, nguo zao hazifuliwi. Ugonjwa ukatoka gerezani ukaingia makambini. Ilipofika mwaka 1997 ndipo ilipothibitishwa kuwa sutama ni tifasi, homa ya kuletwa na chawa wa nguo, ambayo ni tofauti kabisa na homa ya matumbo. Kutoka Januari hadi Septemba mwaka huo zilihesabiwa homa za namna hiyo zaidi ya 45,000. Na dawa yake? Dozi moja ya doksisiklini, dawa ya bei ndogo iliyokuwapo miaka yote hiyo. Kilichokosekana kwa muda mrefu hakikuwa dawa, kilikuwa jina la ugonjwa. Askari magereza, askari polisi na askari wa jeshi, ambao huishi pamoja, hulala pamoja na huwalinda watu waliosongamana, wana sababu ya kulikumbuka gereza la Ngozi.

Mfano wa kinyume chake unapatikana Tanzania. Mwezi Julai mwaka 2022, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, walionekana watu wenye homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Waliougua wakafika 20, na watatu kati yao wakafa. Vipimo vya Ebola na Marburg havikuonyesha kitu. Wakuu wa afya hawakuubandika ugonjwa huo jina la kubahatisha. Walitangaza hadharani kwamba haujajulikana, wakawafuatilia wagonjwa na waliokuwa karibu nao, wakaendelea kupima, na tarehe 18 Julai ikatangazwa kuwa ni ugonjwa wa bakteria utokanao na mkojo wa wanyama, ambao Waswahili wa huko wanauita homa ya mgunda. Neno "haujajulikana" halikuwa mwisho wa kazi. Lilikuwa amri ya kuendelea na kazi.

Na Rwanda yenyewe ilijaribiwa mwaka 2024. Tarehe 27 Septemba ilitangazwa kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia nchini. Ugonjwa huo huanza kwa homa na maumivu ya mwili kama malaria, na baadaye uchunguzi ulielekeza kwenye pango la machimbo lenye popo walao matunda. Watu 66 walithibitishwa kuupata, 15 wakafa, na wengi wa waliougua walikuwa watumishi wa afya, waliowahudumia wagonjwa wa kwanza kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Kwa kufuatilia kila aliyekaribiana na mgonjwa, siku hadi siku, ugonjwa ulizuiwa, na tarehe 20 Desemba ikatangazwa kuwa umekwisha. Idadi ya vifo ilikuwa ndogo kuliko ilivyozoeleka kwa ugonjwa huo. Lakini haifai kusahauliwa kwamba waliolipa gharama ya siku zile za mwanzo ni wauguzi na waganga, askari wa mstari wa mbele katika vita vya namna yao.

Baada ya kusema hayo, yafaa kutazama mambo matatu yanayomhusu askari hasa.

Jambo la kwanza ni tuhuma. Katika kila jeshi na kila kikosi cha polisi wapo wachache wanaojifanya wagonjwa ili wakwepe kazi. Kwa sababu ya hao wachache, askari anayerudi na cheti kisicho na jina la ugonjwa hutazamwa kwa jicho la pembeni. Ndiyo sababu koplo wa mfano akasema malaria. Mkuu wa kikosi anayemdhihaki askari wa namna hiyo mbele ya wenzake huwafundisha askari wake wote kusema uongo kwa mganga. Cheti kinachosema "chanzo hakijajulikana" hakisemi kwamba mtu hakuwa mgonjwa. Chasema kwamba alikuwa mgonjwa kiasi cha kulazwa, na kwamba uchunguzi haujafungwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mkuu mwenye busara hawasukumi askari wake kuyaficha.

Jambo la pili ni silaha na usukani. Askari aliyeanguka akazirai bila sababu kujulikana yaweza kuwa hana tatizo lolote kubwa: labda alikuwa na njaa, kiu au uchovu. Lakini pia yaweza kuwa moyo wake hupiga vibaya kwa vipindi, au ana kifafa kinachoanza. Mpaka mganga atakaposema, si haki kumpa gari la kikosi alipeleke katika kona za Nyungwe, wala kumweka peke yake usiku katika lindo la ukingo wa mto akiwa na bunduki yenye risasi. Hiyo si adhabu kwake, wala isiandikwe kama adhabu. Zipo kazi nyingi za mchana, za ofisi, za ghala na za mapokezi, ambazo mtu aweza kuzifanya kwa heshima wakati akisubiri majibu. Gari lililojaa askari likitumbukia bondeni, uchunguzi utakaokuja baadaye hautamfufua mtu.

Jambo la tatu ni siri ya kazi. Askari hufundishwa asiseme alikokuwa, na mafunzo hayo ni sahihi. Askari wa Rwanda wametumikia mbali na nyumbani: Darfur kuanzia mwaka 2004, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudani Kusini, na Cabo Delgado katika Msumbiji kuanzia Julai 2021. Polisi nao wamekwenda katika kazi za kulinda amani. Sasa askari kama huyo akirudi likizo kwao Rusizi akaugua, mganga humwuliza, "Ulikuwa wapi mwezi uliopita?" Naye hunyamaza. Ieleweke wazi kwamba mganga hahitaji kujua idadi ya bunduki, majina ya wakuu wala mipango ya doria. Ahitaji kujua nchi au jimbo, tarehe za kuingia na kutoka, na mambo madogo ambayo adui hayawezi kumfaa: alivuka kinamasi? Alilala pangoni au katika nyumba yenye panya? Alichinja mnyama, alikunywa maziwa mabichi, aliumwa na kupe au na papasi? Alimhudumia mwenzake aliyekuwa na homa? Maneno matano ya namna hiyo yaweza kumwokolea mganga wiki nzima ya kubahatisha. Siri ya kazi ni wajibu, lakini mbu, kupe na chawa hawana siri ya kulindiwa.

Basi afanye nini mgonjwa anayeambiwa, "Umepata nafuu, nenda nyumbani, ila hatukuthibitisha ulichokuwa nacho"? Kabla ya kuvua nguo za hospitali, yeye au jamaa yake aulize maswali matano, na majibu yake yaandikwe katika cheti.

Kwanza, ni magonjwa gani yaliyopimwa na kuonekana hayapo? Hilo litamsaidia mganga wa pili asianze upya. Pili, ni dawa gani alizopewa, kwa siku ngapi? Tatu, ni majibu gani ambayo bado hayajatoka maabara, iwe ya hospitali yenyewe au ya maabara ya taifa Kigali, na nani atayapokea? Namba ya simu aliyoiacha mgonjwa iwe inayopatikana, maana jibu lililofika baada ya mgonjwa kuondoka, likakosa mwenyewe, ni kama barua isiyo na anwani. Nne, arudi tarehe gani, hata kama anajisikia mzima? Na tano, ni dalili zipi zikitokea asingoje tarehe hiyo?

Juu ya swali hilo la tano, zipo dalili ambazo kila askari na kila mke au mume wa askari anapaswa kuzijua. Homa iliyoshuka ikapanda tena. Kuchanganyikiwa, kuweweseka au kupatwa na degedege. Kichwa kikali na shingo kukakamaa. Kupumua kwa shida au maumivu ya kifua. Kutokwa damu puani, katika ufizi, katika matapishi au choo. Macho kuwa ya manjano. Mkojo kupungua sana au kukatika. Kuzirai tena. Dalili ya mvua ni mawingu. Mtu akiziona hizi asingoje mvua inyeshe. Katika Rwanda magari ya kubebea wagonjwa wa dharura huitwa kwa simu namba 912, usiku na mchana. Na ikiwa kuna damu inayotoka, wanaombeba wasimguse kwa mikono mitupu, na waiarifu hospitali kabla ya kufika ili wauguzi wajiandae.

Wapo pia watakaomshawishi mgonjwa wa namna hii akatafute jina mahali pengine. Mwuza dawa atampa jina kwa dakika mbili, na vidonge juu yake. Jirani atasema amerogwa na mtu fulani, na ugomvi utaletwa mezani pa polisi. Rafiki atampa dawa zilizobaki katika mfuko wake mwenyewe. Watu hawa wote wana jambo moja ambalo mganga mwaminifu hana: wana uhakika. Lakini uhakika usio na kipimo ndio uliowaua wengi katika zile hospitali za Tanzania. Tena mgonjwa anapokunywa dawa za kubahatisha kabla ya kurudi kupimwa, vijidudu vyaweza kufichika katika damu, na kipimo kikasema hakuna kitu.

Kwa upande wa hospitali nazo, wajibu upo. Mganga asiseme tu "huna kitu", maana maneno hayo mgonjwa huyachukua kuwa ameitwa mwongo. Aseme aliyoyajua na asiyoyajua, kwa lugha inayoeleweka, na aandike hivyohivyo. Mlolongo wa huduma katika Rwanda una njia ya kumfuata mgonjwa hadi kwake: kutoka hospitali ya wilaya hadi kituo cha afya, na kutoka hapo hadi kwa mshauri wa afya wa kijiji, mtu anayechaguliwa na majirani zake, katika utaratibu ulioanza mwaka 1995. Kambi nayo ina mganga wake. Cheti kisiishie mfukoni mwa mgonjwa; kifike kwa hao, ili siku ya kurudi ikipita, awepo mtu wa kuuliza, "Mbona hukwenda?"

Kwa hakika, hakuna anayepaswa kulielewa jambo hili kwa wepesi kuliko askari. Doria ikitoka usiku kando ya mto Rusizi, ikasikia mlio wa risasi, ikauendea, isimkute mtu, kiongozi wake haandiki katika kitabu kwamba hakukuwa na adui. Wala haandiki jina la adui asiyemwona ili mkuu wake aridhike. Huandika saa, mahali, upande mlio ulikotoka, nyayo zilizoonekana, na huwakabidhi wenzake wanaoingia zamu ili waanzie pale yeye alipoishia. Kwa taarifa ya namna hiyo, doria ya pili au ya tatu humpata anayetafutwa.

Cheti cha mgonjwa aliyeruhusiwa bila jina la ugonjwa ni taarifa ya doria ya kwanza. Kitunzwe kikavu, kisomwe, kisibadilishwe maneno yake, na tarehe iliyoandikwa ndani yake itimizwe kama zamu nyingine yoyote inavyotimizwa. Koplo wa mfano, kama angalirudi baada ya wiki mbili na kusema habari za ng'ombe wa baba yake, damu yake ya pili ingalichukuliwa, na homa ile isingalipata nafasi ya kumrudia kiunoni. Na habari hiyo isingalimfaa yeye peke yake. Ingalimfaa pia mzee aliyebaki Bugarama, akikamua ng'ombe yuleyule kila asubuhi na kuwapa wajukuu maziwa.